Sura ya Tano: Pombe Isiyosubiri Mavuno

Kati ya tarehe 5 na 23 Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Nchi haikuwa imewahi kuona shehena kubwa namna hiyo, na magazeti yaliipa uzito uliostahili. Wilaya ya Hanang nayo ilikuwa kwenye habari mwezi huohuo, ila kwa msiba mwingine: tope na mawe yaliyoporomoka mlimani yakafukia sehemu ya mji wa Katesh. Unga uliokamatwa haukuwa safarini kwenda huko. Kijana wa Basotu au wa Dongobesh anaweza kuzeeka bila kuiona kete ya heroini kwa macho yake, na bado ulevi ukamuua.

Sura zilizopita zilikaa pwani, kwenye bandari ambako heroini ilianza kuingia miaka ya 1980, na Muhimbili ambako kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Februari 2011. Sasa tunapanda. Ukitoka Babati unaweza kushika njia ya Singida hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang, au ukaukwea ukingo wa Bonde la Ufa pale Dareda kuelekea Mbulu na Haydom. Ni eneo la ajabu kwa wanaisimu. Wairaqw ni Wakushi, Wabarbaig na Wadatoga wenzao ni Waniloti, Wanyiramba na Wanyisanzu ni Wabantu, na katika Bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko iliwekwa tangu zamani katika kundi la Khoisan. Makabila haya yamegombania malisho na mashamba kwa vizazi vingi, lakini kwenye kilabu cha pombe siku ya mnada wote wanapata pa kukaa.

Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji anipime kadiri tunavyokwenda. Katika wilaya hizi mbili, Hanang na Mbulu, dawa ya kulevya inayovunja watu wengi kuliko zote ni pombe, na hakuna nyingine inayoikaribia. Na tumeshindwa nayo kwa sababu tunaitendea kama tabia mbaya ya kukemewa au kama kosa la kupelekwa kituoni, wakati mwili wa mlevi unafuata kanuni zake bila kujali mahubiri wala pingu.

Tuanze na wakati ambapo pombe ilikuwa na majira yake. Pombe ya mtama ilitaka mtama, na mtama ulitaka mvua. Nafaka ililowekwa hadi ikachipua, ikakaushwa juani, ikasagwa, ikapikwa, ikaachwa ichachuke. Ikishaiva ilikuwa na siku chache tu kabla ya kuharibika. Kinywaji cha namna hiyo hukifichi wala hukiweki akiba. Lazima uite watu. Wakaja majirani waliokusaidia kulima, wakaja wazee waliomaliza shauri. Katika mikusanyiko hiyo ya Wairaqw mzee alitoa slufo, maombi marefu ya kishairi ya kuitakia nchi mvua, uzazi na amani, wenzake wakiitikia kwa sauti moja. Kwa Wadatoga pombe ya heshima ilikuwa ya asali, nayo ilikuwa ya wazee. Kwenye bung'eda, yaani maziko ya mzee mkubwa yanayoendelea kwa miezi hadi kichuguu cha kaburi lake kikamilike, asali hukusanywa na kupikwa kwa ajili ya shughuli hiyo na si kwa kiu ya mtu.

Sidai kwamba zamani hapakuwa na walevi. Mila zote ninazozijua zina methali za kumcheka mlevi, na watu hawamcheki asiyekuwapo. Lakini mlevi wa kila siku alihitaji ghala la kila siku, na hilo halikuwapo.

Mwaka 1996 mwanaanthropolojia wa Norwe, Ole Bjørn Rekdal, aliandika kuhusu tofauti moja aliyoikuta kwa Wairaqw. Maziwa waliona vibaya kuyauza. Pombe ya mtama, ambayo ilibeba uzito wote wa ibada na ujirani, iliingia sokoni kwa urahisi. Fedha ikachukua nafasi ya mwaliko, na asiyealikwa akaweza kununua. Hapo wazee walipoteza kitu kikubwa, kwa sababu mamlaka yao juu ya ulevi yalikuwa yamesimama juu ya swali moja tu: nani kamwita nani anywe?

Kisha ikaja gongo. Inatosha kuwa na pipa, moto, bomba na maji ya kupoozea mvuke, pamoja na togwa iliyochachushwa kwa sukari ya dukani, pumba au chochote chenye wanga. Pombe ya mtama ina kileo cha asilimia 3 hadi 5 hivi. Gongo hufika 30 au 40, kutegemea mkono wa mpishi. Haichachi. Inaingia kwenye chupa ya soda, chupa inaingia mfukoni, na mfuko unakwenda shambani, machungani, kwenye bodaboda. Haisubiri mvua wala mavuno. Ikichanganywa na spiriti ya viwandani ili ionekane kali, mnywaji anaweza kumeza methanoli, ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho na kuua.

Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilipiga marufuku kuitengeneza bila leseni. Imepita zaidi ya nusu karne sasa. Polisi huvamia, mapipa humwagwa, na baada ya muda moto huwashwa tena upande wa pili wa korongo. Pombe ya viroba, yaani ya vifuko vya plastiki, ilikuwa na historia fupi zaidi: Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa ziarani mkoani Manyara, alitangaza kwamba mwisho wake ni tarehe 1 Machi, na kweli ikatoweka madukani. Walioipenda wakahamia vichupa vidogo. Hata hivyo marufuku ile naiunga mkono, maana kiroba kilimwezesha mtoto wa shule kununua konyagi kwa sarafu alizopewa za daftari, na kukificha kwenye soksi.

Gongo ni jambo gumu zaidi kwa sababu ya nani anaipika. Mara nyingi ni mwanamke. Mjane, au mke aliyeachiwa watoto, ana njia chache za kushika fedha taslimu kati ya mavuno na mavuno, na pipa moja linaweza kulipa sare za shule, mafuta ya kupikia na nauli ya kwenda hospitali. Mume anakunywa kwa jirani, mke anapika kwa ajili ya waume wa jirani. Ukimkamata mama huyo umeiondoa ada ya mtoto mmoja, na wanywaji wake wanahamia nyumba ya tatu. Viongozi wanaomwita adui wa maendeleo sijawasikia wakimweleza apike nini badala yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba Watanzania wenye miaka 15 na zaidi hunywa kwa wastani lita 9.4 za kileo halisi kwa mwaka, nyingi zikitoka kwenye vinywaji vya kienyeji. Geuza lita hizo ziwe bia za nusu lita, utapata zaidi ya chupa moja kwa siku kwa kila mtu. Na kwa kuwa watu wengi hawanywi kabisa, wakiwamo Walokole, Waislamu na akina mama wengi, kuna wanaobeba fungu lao na la wenzao.

Huyo anayebeba fungu la wenzake anapatwa na nini hasa? Chukua fundi ujenzi wa miaka 40, mtu wa kubuni lakini mwuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi atamtambua. Amekunywa kila siku kwa miaka kumi. Siku ya mnada anaanguka na pikipiki, anavunjika paja, analazwa na kufungwa uzani. Jioni mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio; wauguzi wanadhani ni maumivu. Siku ya pili anapigwa na degedege, yeye ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani. Usiku wa tatu anaona wadudu wakitambaa ukutani, anaongea na marehemu mama yake, anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani na mguu uliovunjika. Ndugu wanaitana pembeni. Mmoja anasema karogwa na yule waliyegombana naye mpaka wa shamba, na asubuhi wanaomba ruhusa wamhamishie kwa mganga wa kienyeji.

Hakurogwa. Alikosa pombe. Ubongo una kemikali ya kutuliza, iitwayo GABA, na ya kuchochea, iitwayo glutamati. Kileo huipa nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, ndiyo maana mnywaji hulegea. Ikiwa hivyo kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa kitulizo na kuongeza uchochezi, ili mtu aweze kutembea na kufanya kazi akiwa amelewa. Ni kama mtu anayevutana kamba na fahali. Kadiri fahali anavyovuta, naye anajikaza, wanakaa sawa. Kamba ikikatwa ghafla, mtu huanguka chali kwa nguvu zake mwenyewe. Mtetemo huanza saa chache baada ya chupa ya mwisho, degedege huja kati ya saa 12 na 48, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwapo huja siku ya pili hadi ya nne. Hatua hiyo ya mwisho isipotibiwa huweza kuua.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mzee wa kanisa na kila mtendaji wa kijiji alijue. Heroini inaogopwa kuliko vyote, lakini arosto yake, yaani hali ya kuikosa, pamoja na mateso yote, kwa kawaida haimwui mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine. Ya pombe inaweza kuua. Maana yake ni kwamba ule ushauri wa kawaida, mfungieni ndani siku tatu akili imrudie, unaweza kuwa hukumu ya kifo kwa mnywaji wa siku nyingi. Hali kadhalika mahabusu ya polisi na mkesha wa maombi wa siku tano bila chakula. Maombi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuanza maombi bila diazepamu, dawa ya kutuliza, karibu.

Tiba yenyewe si ya maajabu. Daktari hutoa diazepamu kwa vipimo vinavyopungua siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa kwa sababu wanakunywa badala ya kula. B1 itangulie dripu ya sukari. Sukari ikitangulia, mwili hutumia kiasi kidogo cha vitamini kilichobaki, na sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu na mwendo zinaweza kuharibika moja kwa moja. Hatua hii inategemea jambo moja tu: kwamba mgonjwa au ndugu yake amesema ukweli alipoulizwa anakunywa kiasi gani. Mke akiwa amesimama pembeni, wengi hujibu, "Kidogo tu."

Katika milima hii degedege lina tatizo la ziada, na hapa naomba subira, kwa sababu sijaona likielezwa vya kutosha. Mwaka 2004 Helena Ngowi na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika wilayani Mbulu: asilimia 17.4 ya nguruwe waliochunguzwa walikuwa na malengelenge ya tegu kwenye ulimi. Andrea Winkler, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi Haydom, naye alionyesha kwamba sehemu ya wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo wana mabuu ya tegu huyo ndani ya ubongo. Mzunguko wake ni huu: nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isipoiva, humpa mlaji tegu tumboni, mayai ya tegu hutoka na choo, yakimwingia mtu kinywani kwa mikono au maji machafu, mabuu hupenya hadi kichwani. Sasa fikiria kilabu kisicho na choo, kitimoto iliyobanikwa harakaharaka, na wateja waliolewa. Tegu hahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo mlevi wa Mbulu akianguka degedege, inaweza kuwa ni arosto ya pombe, inaweza kuwa ni mabuu ubongoni, na inaweza kuwa vyote viwili. Akiwa tayari anatumia fenobabito kwa ajili ya kifafa, pombe juu yake humzamisha kwenye usingizi mzito, na akisahau dozi kwa sababu ya ulevi huanguka tena. Nimetaja kifafa peke yake. Vidonge vya kifua kikuu na gongo hugombania ini lilelile, na mama anayelewa akiwa mjamzito anaweza kuzaa mtoto mwenye ubongo uliodumaa.

Vilevi vingine nitavipitia kwa haraka. Ugoro ni wa wazee wa kike na wa kiume, na magadi yanayochanganywa humo yana kazi: huifanya nikotini ipenye utando wa pua au mdomo kwa wepesi, hivyo anayedhani ugoro ni mpole kuliko sigara anajidanganya. Kuberi, ile tumbaku kali ya kuweka chini ya mdomo, ni ugoro wa vijana. Mirungi haina maisha marefu, kwa kuwa kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi hupungua nguvu ndani ya siku mbili hivi. Inasafiri usiku kutoka milima ya Same na kutoka Kenya, na wateja wake wakubwa ni madereva. Bangi ina mashamba maarufu si mbali sana, Kisimiri Juu wilayani Arumeru, ambako Mamlaka imefyeka mara kadhaa. Wavutaji wengi hawachanganyikiwi. Lakini anayeanza akiwa na miaka 14 au 15, na ambaye katika ukoo wake kuna aliyeugua akili, anajitafutia balaa la akili. Msafirishaji naye, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaweza kumpeleka jela maisha. Wahadzabe huvuta kwa kiko chao cha jiwe, wakipiga picha na watalii. Bangi si tishio lao kubwa. Frank Marlowe, aliyewachunguza tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba fedha za watalii upande wa Mangola ziliishia kwenye pombe inayouzwa na majirani. Watu ambao hawakuwa na ghala wala mtama walipewa ulevi wa kila siku na wageni waliokuja kuwastaajabia.

Swali linabaki kwa nini mtu aliyekaa miezi sita bila kunywa hurudia. Ubongo hukumbuka raha pamoja na mahali ilipopatikana. Mtafiti Lee Robins alifuatilia askari wa Marekani waliotoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uraibu wa heroini kule vitani, lakini walipofika nyumbani ni wachache sana waliorudia ndani ya mwaka wa kwanza. Walikuwa wameacha nyuma marafiki, harufu, woga na muuzaji. Mlevi wetu hana Vietnam ya kuiacha. Anatibiwa, anarudi Katesh, na siku ya mnada anauza mbuzi wake hatua ishirini kutoka kwenye benchi alilokuwa akikalia. Wenzake wanamwita kwa upendo wa kweli. Waraibu wengi hurudia angalau mara moja, kwa kiwango kinacholingana na wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha vidonge, na hao hatuwaiti watu wasio na msimamo.

Huduma zilizopo ni chache, lakini zipo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina huduma ya afya ya akili na kifafa. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, inapokea wagonjwa tangu 1927. Kliniki za methadoni za Arusha na Dodoma zinawafaa wa heroini, hazimsaidii mnywaji wa gongo. Ninavyoona, fedha zinazotumika kumwaga mapipa zingeokoa watu wengi zaidi zikinunua diazepamu na B1 za kutosha kwa vituo vya afya vya kata, na mikopo ya halmashauri kwa akina mama ingeanza na wale wanaopika.

Kwa msomaji mwenye wasiwasi juu yake au juu ya ndugu yake, John Ewing wa Marekani alichapisha mwaka 1984 maswali manne ambayo bado yanatumika hospitalini. Umewahi kuona inakubidi upunguze kunywa? Watu wamekuudhi kwa kukusema? Umewahi kujuta kwa unavyokunywa? Umewahi kunywa asubuhi, kabla ya chochote, ili uzimue au mikono itulie? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kwenda kumwona tabibu. Jibu la ndiyo kwa swali la nne lina uzito wa pekee: huyo asiache ghafla akiwa nyumbani. Msindikize kituo cha afya, na ukiulizwa anakunywa chupa ngapi kwa siku, taja idadi ya kweli hata kama yeye mwenyewe anatikisa kichwa.